Mto wa Kilo Nne

Nilimwita mama yangu mkubwa mwizi mbele ya watu tisa, kwa chaki, ubaoni, na hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Rudia kusoma hapo mwisho. Ilikuwa sahihi. Baadaye niliipeleka kwa mtu anayejua hesabu, akaikagua mstari kwa mstari, akaiwekea vema.

Ndiyo maana mpaka leo nikiona x na y zimekaa pamoja, masikio yanapata moto.

Nitasimulia yote. Wanaotaka kunicheka wasubiri kidogo. Kuna mahali pazuri zaidi pa kunichekea huko mbele, msimalize meno mapema.

Nilimaliza sekondari. Sikufaulu sana, sikufeli sana, nilipita katikati kama paka anayepita kwenye mlango uliofunguliwa nusu. Kitu kimoja tu nilikijua kwelikweli: ile milinganyo miwili yenye x na y. Unapewa mistari miwili. Kila mmoja peke yake umenuna, hausemi kitu. Ukiiweka pamoja, inataja siri zote za nyumbani.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa sauti. Alikuwa anasema, "Kila mlinganyo ni shahidi. Visivyojulikana vikiwa viwili, niletee mashahidi wawili. Vikiwa vitatu halafu unaniletea wawili, nakutoa nje."

Darasa lilikuwa linacheka. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha.

Baada ya shule nikakaa nyumbani, kazi yangu kuchekesha watu. Mama akanivumilia, akachoka, akanifungia nguo kwenye begi na kunipeleka kwa dada yake mkubwa.

Mama mkubwa alikuwa mjazaji kwenye karakana ya magodoro na mito ya pamba. Miaka kumi na sita mahali pamoja. Akaenda kwa bosi kuniombea. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nikamsikia kwa masikio yangu:

"Ni mtoto wa mdogo wangu. Ana mdomo, lakini ana kichwa pia."

Bosi akaniweka stoo. Majaribio, miezi miwili.

Nikahamia kwa mama mkubwa, chumba cha nyuma. Asubuhi tunatoka pamoja, jioni tunarudi pamoja. Nikivua shati kifungo kimelegea, kesho yake nalikuta limeshonwa, na sijamwambia mtu.

Karakana yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye madirisha ya juu. Vumbi la pamba linaelea hewani kutwa nzima. Ikifika saa sita mchana kila mtu ana nyusi nyeupe, hata kama umezaliwa juzi unaonekana mstaafu.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. Siku ya kwanza tu akanibatiza. Akaniita Nukta.

"Kwa nini Nukta, fundi?"

"Kwa lile umbo. Ukisimama mwisho wa foleni, habari imekwisha."

Wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilikuwa nimefika nyumbani.

Sasa sikilizeni kazi ilivyokuwa, maana bila hapa hamtaelewa aibu yangu ilivyopikwa.

Pamba inakuja kwa marobota. Mama mkubwa anaingia stoo, anachukua anayoihitaji kwa mikono yake, anaenda kujaza. Hapimi. Godoro analipima kwa kulibonyeza na kiwiko. Mto anauweka shavuni, anafumba macho. Akifumbua na kuitikia kwa kichwa, umekubaliwa, unakwenda kushonwa mdomo.

Mimi napima pamba ya stoo Jumatatu asubuhi, napima iliyobaki Jumamosi jioni. Natoa. Naandika daftarini: wiki hii magodoro kadhaa, mito kadhaa, zimetoka kilo kadhaa.

Basi. Katikati ya hapo ni kukaa.

Na stoo ina kukaa kwingi, jamani. Kulikuwa na stuli moja yenye msumari uliochomoza, msumari wenyewe una nia mbaya. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili, Jumatatu yake, nikiwa nimeshapima, nikatafuta gunia tupu, nikajitengenezea kiti changu laini. Nikakishona mdomo kwa kamba, nikakisukuma kwenye kona.

Mama mkubwa akaingia kuchukua pamba, akanikuta nimejiegemeza kama gavana.

"Umekalia nini hapo?"

"Kiti cha enzi, mama mkubwa. Ukipita, inama."

Akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akapita ameinama kweli.

Jumatatu ya wiki ya tatu, bosi akasimama katikati ya stoo, mikono kiunoni, anaangalia robota la mwisho.

"Hii pamba mbona inakwisha kama inanywewa? Wiki iliyopita magodoro yalikuwa machache kuliko ya wiki ile ya kwanza. Mbona imeondoka karibu sawasawa?"

Akaniangalia mimi. Watu wakaacha kazi wakaniangalia mimi.

Ningesema sijui. Ni neno fupi, halina gharama, na lilikuwa kweli.

Lakini nilikuwa kwenye majaribio. Na watu tisa wamenikodolea macho. Na kwa mara ya kwanza maishani mtu ameniuliza swali ambalo jibu lake nililisomea.

"Bosi," nikasema, "nipe chaki."

Ukutani, nje kidogo ya mlango wa stoo, kulikuwa na ubao wa oda. Nikaufuta.

"Wee! Hizo oda!" akapiga kelele fundi cherehani.

"Oda zitarudi, fundi. Sayansi inapita."

Nikafungua daftari langu. Wiki ya kwanza, magodoro matatu na mito minne, kilo arobaini. Wiki ya pili, magodoro mawili na mito mitano, kilo thelathini na sita.

"Godoro moja linakula kilo ngapi? Hatujui. Tuliite x. Mto mmoja? Hatujui. Tuuite y."

3x + 4y = 40
2x + 5y = 36

"Sasa nataka x iondoke ili y ibaki peke yake, ikose wa kuikingia kifua. Wa juu nauzidisha kwa mbili. Wa chini kwa tatu."

6x + 8y = 80
6x + 15y = 108

"Mnaona? x zimelingana. Natoa wa juu kwenye wa chini. x zimekufa zote."

7y = 28
y = 4

Chaki ilikuwa inaimba. Sikuwahi kuandika vizuri hivyo hata kwenye mtihani. Nikarudisha nne kwenye mstari wa kwanza: mito minne mara nne, kumi na sita, arobaini ukitoa kumi na sita, ishirini na nne, gawanya kwa tatu. x ni nane. Nikajaribu majibu kwenye mstari wa pili: mara mbili nane, kumi na sita, mara tano nne, ishirini, jumla thelathini na sita. Imekubali.

Nikageuka. Nimejaa chaki mpaka kwenye pua.

"Godoro kilo nane. Mto kilo nne."

Bosi akauliza taratibu:

"Mto kilo nne? Mto gani huo? Wa kulalia tembo?"

Watu wakaangua kicheko.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana yote yaliyotokea yalianzia kwenye kicheko hiki. Mimi nimezoea kuchekesha. Kuchekwa sijazoea. Ni vitu viwili tofauti.

Nikakigeuza kile kicheko, nikakitafutia mtu mwingine.

"Ndiyo hapo sasa, bosi," nikasema. "Mto wa kawaida unaunyanyua kwa mkono mmoja. Kilo moja hivi. Lakini stoo zimetoka nne. Mto umepata moja. Hizo tatu zimekwenda kulala wapi?"

Kicheko kikakatika.

Sikutaja jina. Sikuhitaji. Anayeingia stoo kuchukua pamba alikuwa mmoja.

"Na godoro?" fundi cherehani akauliza. "Kilo nane, si jamvi hilo?"

"Fundi, wewe shona. Hesabu niachie mimi."

Watu wakageuka, mmoja baada ya mwingine. Mama mkubwa alikuwa kwenye mlango wa ukumbi, pamba kwenye nywele, ameshika mto uliojazwa nusu. Akaniangalia. Akaangalia nyuma yangu, ndani ya stoo. Akaniangalia tena.

Nikasema moyoni, haya, macho yake yanatafuta pa kukimbilia.

"Una la kusema?" bosi akamuuliza.

Akaubonyeza ule mto kwa kiganja. Halafu:

"Mtoto amepiga hesabu, bosi. Mimi hizo sikufika."

Ningekuwa na akili hata ya kijiko kimoja ningeishia hapo. Lakini mdomo ulikuwa umeshawaka, breki hakuna.

"Na ule mkoba wake, bosi. Kila jioni unatoka umevimba."

Mkoba ukaletwa. Ukamwagwa juu ya meza ya kukatia, mbele ya wote. Likatoka gauni la kazi. Kikatoka kitambaa cha kufunga puani. Chupa ya maji. Na shati.

Shati la bluu. Limekunjwa vizuri. Juu yake kikaratasi kidogo kimefungwa, ndani yake kifungo kimoja na uzi wa bluu.

"Shati la nani hili?" bosi akauliza.

"La mwanangu," akajibu. Hakuniangalia.

Lilikuwa langu. Kifungo cha kola kilikuwa kimedondoka siku mbili nyuma.

Natamani niwaambie kwamba hapo nilinyamaza. Sikunyamaza. Nilisema hivi, na maneno haya nayaandika kwa mkono uleule ulioshika chaki:

"Bosi, sasa hivi ni asubuhi. Pamba hutoka jioni."

Fundi cherehani akasonya. Msonyo mrefu, mpaka nikadhani cherehani imejiwasha.

Bosi akakuna kichwa. Miaka kumi na sita si kitu cha kutupa hivihivi, lakini ubao ulikuwa pale, namba zimepangana kama askari.

"Kaa nyumbani kwanza," akamwambia. "Mpaka nikuite."

Mama mkubwa akakunja gauni lake. Akakunja shati langu. Kabla ya kutoka akasimama kwenye lundo la pamba, akainamisha kichwa, akaanza kutoa pamba iliyokuwa kwenye nywele zake. Unyuzi mmoja mmoja. Kila mmoja akaurudisha kwenye lundo. Alipohakikisha hana hata mmoja, akaondoka.

Jioni ile nilitembea njia nzima nikijua nitakuta begi langu nje. Nilikuwa nimeshaandaa na hotuba.

Nilikuta chakula.

"Nawa mikono," akaniambia.

Jirani akachungulia, akamuuliza mbona leo kawahi kurudi. "Mgongo," akajibu. "Umenibana kidogo."

Nikala. Mwizi wangu amenipakulia, ameniwekea maji, amenisogezea taa. Na mimi, kwa huruma yangu kubwa, nikamwambia:

"Mama mkubwa, ungeniambia mapema, ningekuombea kwa bosi."

Akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kula, kinapoa."

Jumanne nikaenda kazini peke yangu. Nikatoa kichekesho, hakuna aliyecheka. Jumatano nikatoa vitatu. Fundi cherehani aliacha kuniita Nukta. Akawa ananiita "bwana stoo", kwa heshima zote. Hamjui heshima inavyoweza kuuma. Nilitamani anitukane.

Na hesabu yangu bado ilikuwa ubaoni. Hakuna aliyeifuta. Waliandika oda pembeni, wakaizunguka kama watu wanavyozunguka kitu kilichomwagika.

Alhamisi, karibu saa tano, likarudi godoro moja kutoka shule ya bweni iliyotununulia. Mshono umefumuka. Hilo ni kosa la uzi, fundi mwenyewe alikiri. Ili alishone vizuri ilibidi atoe pamba yote ndani.

Akaitoa. Ikawa lundo. Akaliangalia lundo, akaangalia ubao, akaniangalia mimi.

"Bwana stoo. Hebu lete mizani tuzione zile nane zako."

Tukapima. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Bosi akaja akapima mwenyewe.

Kumi na mbili.

"Ngoja nielewe," akasema fundi cherehani, amekaa vizuri kabisa kwenye benchi lake. "Stoo imelipatia godoro hili kilo nane. Limefika bwenini, limerudi na kumi na mbili. Hizo nne limezizaa njiani?"

Hakuna aliyecheka. Hata yeye.

Nikaenda ubaoni. Nikaweka kumi na mbili mahali pa x. Mstari wa kwanza: mara tatu kumi na mbili, thelathini na sita. Bado nne. Mito minne. Kila mto kilo moja.

Kilo moja. Kama shavu la mama mkubwa lilivyosema.

Mstari wa pili: mara mbili kumi na mbili, ishirini na nne. Mito mitano, kilo tano. Ishirini na tisa.

Daftari langu linasema thelathini na sita.

Shahidi wa kwanza amesema kweli tupu. Shahidi wa pili amezidisha kilo saba. Na huyu wa pili, aliyemwandika daftarini ni nani? Ni mimi.

Bosi akanyoosha kidole kwenye ile thelathini na sita.

"Hizi saba zimetoka wapi?"

"Nipe muda kidogo bosi, nifikiri."

Nikaingia stoo. Wiki ya pili. Kulikuwa na kitu gani wiki ya pili ambacho wiki ya kwanza hakikuwepo? Nikafunga mlango. Nikakaa nifikiri vizuri.

Kiti kikatoa pumzi.

Fyuuuu.

Sikuinuka kwa muda. Nafikiri niliamini kwamba nisipoinuka haitakuwa kweli.

Halafu nikainuka. Nikafungua kamba, nikatoa pamba yote, nikaiweka kwenye mizani.

Saba. Mshale haukutetemeka hata kwa adabu.

Haya. Ni hapa. Chekeni sasa.

Nilipokuwa najaza lile gunia sikujiona naiba. Pamba si hewa tu? Nilishika kumbatio moja, nikashindilia, nikaongeza, nikashindilia tena kwa goti. Halafu pamba yenyewe haijatoka hata nje ya mlango wa stoo! Kichwani mwangu ilikuwa imebadilika tu kutoka mali kuwa fenicha. Jumamosi nilipima pamba yote ya stoo isipokuwa ile niliyokuwa nimeikalia. Na ile Jumatatu ya chaki, kiti kilikuwa hatua tano nyuma ya mgongo wangu.

Nilimpigia mama mkubwa hesabu ya kilo tatu kwa kila mto, mito tisa. Kilo ishirini na saba. Kilo saba za makalio yangu, x na y zilizigeuza ishirini na saba za wizi.

Na nilikuwa nakaa palepale! Wiki mbili nzima amechukua pamba mbele ya macho yangu, kumbatio kwa kumbatio, na sikuwahi kuona ubaya. Macho yangu yalikuwa shahidi. Sikuyauliza.

Sasa mnadhani nilitoka mbio kwenda kwa bosi?

Ningependa kuwa mtu huyo.

Nilisubiri wakaenda kula. Nikairudisha pamba kwenye robota. Nikalikunja gunia, nikalificha nyuma ya mlango. Bosi aliporudi nikamfuata, sauti ya unyenyekevu.

"Bosi, nimefikiri sana. Nadhani mizani ilikuwa na hitilafu wiki ile. Ilizidisha kama kilo saba."

Nikaisingizia mizani. Kwa sababu haina mdomo.

Bosi akaniangalia muda mrefu. Mizani hiyohiyo tulikuwa tumeitumia asubuhi.

"Mizani?"

"Ndiyo, bosi."

Akapumua. "Basi mwambie mama yako mkubwa kesho arudi kazini."

Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Ndiyo, mluzi. Nilikuwa nimeshajipanga: mimi ndiye mleta habari njema. Pengine hata ningesamehewa bila kuomba, jambo ambalo ni raha yake.

Nilimkuta amekaa kizingitini, sindano mkononi, shati la bluu mapajani.

"Mama mkubwa! Bosi kasema kesho urudi! Kumbe mizani ndiyo iliyokuwa mbovu!"

Hakuinua kichwa. Akazungusha uzi mara mbili chini ya kifungo, akaukata kwa meno.

"Mizani," akasema.

"Ndiyo."

"Na kiti chako hakijambo?"

Kuna aibu inayokuja na jasho, na kuna inayokuja na baridi. Hii ilikuwa ya baridi.

"Ulijua?"

"Mwanangu, nimejaza pamba miaka kumi na sita. Gunia likikaliwa naliangalia tu najua lina ngapi. Lile lilikuwa na saba."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia niiname."

Nikakaa chini, mavumbini. Kumbe ile Jumatatu alipoangalia nyuma yangu, macho hayakuwa yanakimbia. Yalikuwa yananionyesha.

"Kwa nini hukusema, mama mkubwa? Ungesema neno moja tu!"

"Ungefukuzwa palepale. Uko kwenye majaribio, na mimi ndiye niliyekuombea." Akalikunjua shati, akaangalia kola. "Halafu nitakwambia ukweli. Tangu uzaliwe sijawahi kukuona umeanza jambo ukalimaliza. Siku ile ulimaliza. Watu wazima wamenyamaza, wewe unaandika, mistari imenyooka. Ulikuwa unanizika, lakini kwa mwandiko mzuri. Nikajikuta nautazama mkono wako tu. Nikasema, mdogo wangu angekuwepo aone."

Nikachora x mavumbini kwa kidole, nikaifuta.

"Nikasema moyoni, ana kichwa, atakumbuka mwenyewe. Jumatatu nikangoja. Jumanne nikangoja, jana nikangoja. Leo umekumbuka." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Umekumbuka, halafu umekuja na mizani."

"Nisamehe."

"Kule sirudi kwa sababu mizani ni mbovu. Wakiita fundi akaikuta nzima, mimi nitakuwa nani?"

Akanikabidhi shati, akaingia ndani kuandaa chakula.

Ijumaa asubuhi nilifika karakana wa kwanza. Watu walipoingia nikawaomba wasikae. Nikachukua lile gunia nyuma ya mlango, nikaliweka mezani, pale ulipomwagwa mkoba. Nikaenda ubaoni. Chini ya mstari wangu wa pili nikaandika upya:

2x + 5y + z = 36

"z ndiyo nini tena?" bosi akauliza.

"Ni mimi, bosi."

Mwandiko ulikuwa mbaya sana. Nikawaonyesha: ishirini na nne, jumlisha tano, jumlisha saba. Nikawaambia saba ilikuwa ndani ya gunia hili, na juu ya gunia hili nilikuwa nimekaa mimi. Nikawaambia mama mkubwa hajawahi kuchukua hata unyuzi.

"Na jana uliniambia mizani," bosi akasema.

"Nilidanganya."

Fundi cherehani aliangalia chini. Alikuwa na nafasi ya kunimaliza, na vichekesho vyote duniani vilikuwa mbele yake mezani. Hakuchukua hata kimoja.

Bosi akatuma mtu akamwite. Alipofika, bosi akamwomba radhi mbele ya watu walewale. Akamwambia nafasi yake ipo, na kuanzia siku ile mkoba wake haufunguliwi na mtu. Kisha akanigeukia.

"Majaribio yako yamekwisha."

Nikamtazama mama mkubwa. Alikuwa na uwezo wa kusema neno. Bosi mwenyewe alikuwa anamtazama, kama anayelisubiri.

Akafunga kitambaa chake puani, akaenda kwenye lundo, akaanza kuchambua pamba.

Ile Jumatatu alinyamaza kwa ajili yangu. Ijumaa alinyamaza kwa ajili yake. Ilikuwa haki yake.

Jioni aliniambia, "Chumba ni chako. Kazi katafute mwenyewe."

Nimeipata. Duka la vifaa vya ujenzi, napima misumari. Ndiyo, misumari, chekeni tena. Nasimama kutwa nzima. Walinipa kiti, nikakataa.

Mwalimu wangu alisema visivyojulikana vikiwa vitatu, mashahidi wawili hawatoshi. Kitu ambacho hakuniambia ni kwamba kile cha tatu mara nyingi ndicho kilichoshika chaki. Kwa hiyo wewe unayetaka kumpigia mwenzako hesabu, kabla ya kuandika x, inuka kwanza uangalie umekalia nini. Na jibu likikuletea mto wa kilo nne, usiwahi kutafuta mwizi. Rudi kwenye swali.

Lile shati la bluu lipo ukutani, chumba cha nyuma. Kifungo cha kola kimeshonwa kwa uzi mara mbili, hakitadondoka leo wala kesho.

Sijalivaa bado. Kila asubuhi mama mkubwa anapita, analiona, na hasemi kitu.

Nimeanza kuzijua aina za kunyamaza kwake. Hii bado sijaitatua.